Rabai: kanisa la kijijini lililojazwa na watoro

Msafiri anayetoka Mombasa kwa barabara ya Nairobi huiacha njia kuu anapofika Mazeras, akashika upande wa kulia kuelekea Kaloleni. Barabara hupanda taratibu baina ya minazi, na baada ya mwendo mfupi hufika Rabai, kijiji kilicho umbali wa kilomita zipatazo 20 kaskazini magharibi ya kisiwa cha Mombasa, katika Kaunti ya Kilifi. Hapo, juu ya kilima, ndipo lilipo Kanisa la Mtakatifu Paulo, kitovu cha parokia ya Kianglikana iliyo kongwe kuliko zote nchini Kenya.

Wengi walioisikia Rabai wameisikia kwa sababu ya majina mawili ya Kijerumani: Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann. Ndiyo yaliyomo katika vitabu vya shule, na makumbusho yaliyo katika uwanja wa misheni yanamkumbuka Krapf. Heshima hiyo wanastahili. Hata hivyo, anayezisoma kumbukumbu za mahali hapa kwa utulivu hugundua jambo moja: wamisionari hao wawili walipoondoka, kanisa lao lilikuwa na watu wa kuhesabika kwa vidole. Waliolijaza walikuja baadaye, wengi wao usiku, na hawakuwa wametafutwa na mtu isipokuwa mabwana zao.

Mjerumani, Sultani na Kadhi

Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alikuwa Mlutheri, lakini aliajiriwa na chama cha kimisionari cha Kanisa la Uingereza, CMS, kwa kuwa wakati ule chama hicho kilikuwa na fedha nyingi kuliko Waingereza waliokuwa tayari kwenda Afrika. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwamba Uanglikana wa Kenya ulianzishwa na Mlutheri wa Kijerumani, jambo ambalo hata waumini wengi wa Rabai hulieleza kwa tabasamu.

Alikwenda kwanza Ethiopia, ambako alifanya kazi tangu mwaka 1837 hadi alipozuiwa kuendelea. Nia yake ilikuwa kuwafikia Waoromo, na aliposhindwa kuwafikia kutoka kaskazini aliazimu kuwatafuta kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Mwezi Januari 1844 aliwasili Unguja, akapokewa vyema na Sayyid Said bin Sultan, ambaye alimpa barua kwa magavana wake wa pwani kuwataka wamtendee wema mgeni huyo. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu Sayyid Said kuwashinda Wamazrui na kuitia Mombasa chini ya mamlaka yake. Kwa hiyo barua ya Sultani Mwislamu ndiyo iliyomfungulia mmisionari Mkristo mlango wa Mombasa.

Krapf alifika huko mwaka huo huo pamoja na mkewe Rosine, aliyekuwa mja mzito. Mwezi Julai Rosine alijifungua mtoto wa kike, na baada ya siku chache mama akafariki kwa homa. Mtoto naye hakukawia kumfuata. Walizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa, na kaburi lipo hadi leo katika eneo la Nyali. Krapf aliuandikia uongozi wa chama chake kwamba kaburi hilo ni ishara kuwa kazi imeanza. Ni maneno magumu kwa mume aliyefiwa, na yanaonyesha alikuwa mtu wa namna gani.

Kabla hata ya msiba huo alikuwa amekwisha kuanza kazi ya lugha. Mwezi Juni 1844 alianza kukifasiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na msaidizi wake mkubwa alikuwa Sheikh Ali bin Muhyiddin, aliyekuwa kadhi wa Mombasa. Sura za mwanzo za tafsiri hiyo zilichapishwa nchini Marekani mwaka 1847. Mwaka 1850 ilifuata sarufi ya Kiswahili iliyochapwa Tübingen, na mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kamusi yake kubwa ikatoka London. Krapf ndiye aliyeshikilia kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi badala ya zile za Kiarabu zilizokuwa zimetumiwa na washairi wa pwani kwa muda mrefu. Uamuzi huo, kwa kheri au kwa hasara ya urithi wa zamani, ndio unaomwezesha msomaji kuisoma makala hii kama ilivyo.

Miaka mingi, waumini wachache

Rebmann, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, aliwasili Mombasa mwezi Juni 1846. Krapf alikuwa amechagua Rabai iwe makao ya misheni kwa sababu ilikuwa juu ya kilima, karibu na Mombasa, na nje ya mji ambako Uislamu ulikuwa umeota mizizi. Wazee wa Rabai walikubali wageni wakae. Mwezi Agosti 1846 wamisionari hao wawili walipanda kilima, wote wakiwa wanaugua homa.

Wenyeji wao walikuwa Warabai, mmoja wa makundi tisa ambayo leo huitwa kwa pamoja Wamijikenda. Maandishi ya wamisionari huwaita Wanyika, yaani watu wa nyika, jina walilopewa na wakazi wa mjini na ambalo wenyewe hawakulipenda. Hatimaye walilikataa katika karne ya 20. Warabai waliishi chini ya uongozi wa wazee wa kaya, vijiji vyenye maboma vilivyofichwa ndani ya misitu, na kila kaya ilikuwa na fingo lake lililozikwa ardhini kuilinda jamii. Shughuli zote nzito, kuanzia mahari hadi matanga na baraza za wazee, zilihitaji tembo la mnazi. Wamisionari waliliona tembo kama ulevi mtupu. Hawakutambua upesi kwamba anayelikataa tembo katika baraza amejitoa mwenyewe katika baraza hilo.

Mafanikio yao makubwa ya miaka ile yalikuwa ya jiografia. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann, akiwa safarini kuelekea Uchaga, aliuona mlima Kilimanjaro ukiwa na theluji kileleni. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf aliuona mlima Kenya akiwa Kitui. Wanajiografia wa Ulaya, hasa William Desborough Cooley wa London, waliikejeli habari ya theluji karibu na ikweta. Ramani iliyochorwa na mwenzao Jakob Erhardt kwa kushirikiana na Rebmann, kutokana na maelezo ya wafanyabiashara wa misafara, ilionyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilikuwa na makosa, lakini ndiyo iliyochochea safari ya Richard Burton na John Speke, na Burton alifika Rabai kumwona Rebmann mwaka 1857. Rebmann alikataa kufuatana naye.

Kwa upande wa kanisa, hali ilikuwa ya kusikitisha. Mtu wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, maskini mwenye ulemavu, aliyepata ubatizo mwaka 1851 muda mfupi kabla ya kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853, afya yake ikiwa imevunjika, na ingawa alirejea pwani mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha misheni ya Ribe, hakukaa tena Rabai. Rebmann alibaki. Mashambulizi ya Wamasai yalimlazimisha kukimbilia Unguja kwa muda, kisha akarudi. Alikaa miaka 29 bila kwenda kwao hata mara moja.

Alifanya nini muda wote huo? Zaidi ya yote aliandika maneno. Aliandaa msamiati wa Kinyika, na kwa miaka mingi aliketi na Salimini, mtumwa kutoka pande za ziwa Nyasa, akijifunza lugha ya Kinyasa neno kwa neno. Kamusi iliyopatikana ilichapishwa mwaka 1877. Inafaa kulitazama jambo hili mara mbili: miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya lugha ambayo leo ni lugha kuu ya Malawi, kimoja kiliandikwa kijijini Rabai, kutoka kinywani mwa mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine.

Katika miaka ya 1860 familia chache zilimkaribia. Mzee Abbe Gunja alibatizwa pamoja na mwanawe Isaac Nyondo. Kutoka Giriama alikuja Abe Ngoa, ambaye baadaye aliwaongoza Wakristo wa kwao bila mmisionari yeyote kukaa nao. Lakini Rebmann alipoondoka Rabai mwaka 1875, akiwa kipofu na ameshikwa mkono na Isaac Nyondo aliyemsindikiza hadi Ulaya, kanisa aliloliacha lilikuwa dogo kuliko matanga ya kawaida. Alifariki Korntal mwaka uliofuata. Krapf, aliyekuwa akiishi mji huo huo, alifariki mwaka 1881.

Waliotoka Bombay

Badiliko lilianza na watu ambao hawakuwa wazaliwa wa Rabai wala wa Ulaya. Manowari za Kiingereza zilizokuwa zikiyakamata majahazi ya watumwa katika Bahari ya Hindi ziliwapeleka baadhi ya waliookolewa, hasa watoto, hadi Bombay. CMS iliwasomesha katika kituo cha Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, ambako walifundishwa dini, Kiingereza na kazi za mikono kama useremala na uhunzi. Mwaka 1864 wa kwanza wao waliletwa kumsaidia Rebmann. Miongoni mwao walikuwa William Jones, Ishmael Semler na George David.

Hali yao ilikuwa ya ajabu. Walikuwa Waafrika waliouzwa wakiwa watoto, wakakulia Uhindi, na sasa walirudishwa Afrika mahali ambapo hapakuwa kwao. Warabai waliwaona wageni. Wamisionari waliwaona wasaidizi, wala si wenzao. Lakini walikuwa na kitu ambacho Krapf na Rebmann hawakuwa nacho: walijua wenyewe maana ya kuuzwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja. Biashara kwa njia ya bahari ikapigwa marufuku, ingawa utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali pwani. Kutokana na ushauri wa Sir Bartle Frere, CMS ilimtuma William Salter Price, aliyekuwa ameongoza kituo cha Sharanpur, aanzishe makazi ya watumwa waliookolewa baharini. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1875 ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa yakaitwa Freretown, na wakazi wake wakajulikana kwa jina la mateka. Waafrika wengi zaidi waliletwa kutoka Bombay kuwa walimu na mafundi.

Freretown ilikuwa na ulinzi wa sheria, kwa kuwa mateka walikabidhiwa rasmi na serikali ya Uingereza. Rabai haikuwa hivyo, na hapo ndipo hatari ilipoanzia.

Watoro

Katika mashamba makubwa ya pwani, kuanzia Malindi na Takaungu hadi Mombasa, maelfu ya watumwa walilima nafaka na minazi ya mabwana zao. Aliyetoroka aliitwa mtoro, na kabla ya miaka ya 1870 alikuwa na njia chache: kujificha nyikani, kujiunga na vijiji vya watoro, au kujisalimisha kwa bwana mwingine. Habari zilipoenea kwamba huko Rabai kuna watu weusi waliokuwa watumwa na sasa wako huru, wanasoma na kulima mashamba yao wenyewe, njia ya nne ilionekana.

Walianza kuja mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Wengine walikuwa Wanyasa, Wayao na Wamakua walioletwa kutoka kusini. Wengine walikuwa Wamijikenda wenyewe, waliowekwa rehani au kuuzwa wakati wa njaa. Walijenga vibanda pembezoni mwa misheni, wakalima, wakaingia kanisani. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Hili huenda lilikiimarisha Kiswahili katika ibada za Rabai kuliko tafsiri zote za Krapf.

Kwa wamisionari wa Kizungu jambo hili lilikuwa mtihani. Kisheria, mtoro alikuwa mali ya bwana wake, na ubalozi wa Uingereza mjini Unguja uliwaonya mara kwa mara wasimhifadhi, wasije wakauharibu uhusiano na Sultani na kuhatarisha misheni yote. Mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown, na ilibidi balozi aingilie kati. Chama kikaahidi kwamba watoro hawatapokewa tena. Ahadi ilitolewa mjini na kwa Kiingereza. Kilimani Rabai, watu waliendelea kuingia.

Nani aliyewaruhusu? Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1880 shughuli za kila siku za Rabai zilikuwa mikononi mwa William Jones, na haiwezekani kwamba hakujua nani ni nani katika mkutano wake wa Jumapili. Waliofika waliingizwa kimya kimya, wakajichanganya na waliokuwa huru. Kumrudisha mtu kwenye pingu ambazo yeye mwenyewe aliwahi kufungwa kungekuwa kumtaka Jones afanye jambo lisilowezekana. Haidhuru kusema wazi kwamba yeye na wenzake ndio walioifanya Rabai kuwa kanisa la watu wengi, na kwamba walifanya hivyo kwa kulivunja agizo.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington, wa kwanza katika dayosisi mpya ya Afrika Mashariki ya Ikweta, aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi. Walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupata daraja hilo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Miezi michache baadaye Hannington alifunga safari ya kwenda Buganda kupitia nchi ya Wamasai, akamchukua Jones awe msaidizi wake. Walipokaribia, askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara nyuma, akatangulia na watu wachache. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Jones alisubiri, akapata habari, kisha akawaongoza waliosalia kurudi pwani. Mwanzoni mwa mwaka 1886 watu wa Rabai waliuona msafara ukipanda kilima, mbele yake ikipepea bendera ya kitambaa cha buluu ambayo juu yake yalishonwa kwa herufi nyeupe maneno ya neno moja tu: Ichabod. Ni jina la Kiebrania lililomo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, na maana yake ni kwamba utukufu umeondoka. Wapagazi wengi wa msafara ule walitoka Rabai na vitongoji vyake, hivyo kilio cha siku ile hakikuwa cha kumlilia askofu peke yake.

Siku ya mwaka mpya, 1889

Mambo yalifikia kilele mwaka 1888. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, IBEA, ilikuwa imepata haki ya kutawala pwani kwa niaba ya Sultani, na mwezi Oktoba mwakilishi wake George Mackenzie aliwasili Mombasa kuanza kazi. Alikuta mji umechafuka. Wenye watumwa walikuwa wamechoka na ahadi, na walijiandaa kwenda Rabai kuwachukua watu wao kwa silaha. Salter Price, aliyekuwa amerudishwa kutoka Uingereza kusimamia misheni, alifanya uchunguzi na kushtuka: watoro hawakuwa makumi, bali mamia kwa mamia, na wengine walikuwa wamekwisha kuoa na kuzaa watoto hapo hapo.

Kuwarudisha kungekuwa kumwaga damu, na kuwaacha kungekuwa kuanza utawala wa kampuni kwa vita. Mackenzie alichagua kulipa. Kwa kila mtoro aliyeandikishwa katika vituo vya misheni, vya CMS na vya Wamethodisti, bwana wake alilipwa riale 25, naye mtoro akapewa hati ya uhuru. Fedha zilichangwa na kampuni, serikali ya Uingereza, wamisionari na wafadhili wao. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 1,400, na wengi kuliko wote walikuwa wa Rabai.

Tarehe 1 Januari 1889 hati hizo zilianza kugawiwa Rabai. Umati ulikusanyika, majina yakaitwa, na mmoja baada ya mwingine wakasogea kuipokea karatasi ambayo wengi hawakuweza kuisoma lakini wote waliielewa.

Mapatano hayo yalikuwa na upande wa pili, ambao haukutangazwa kwa shangwe ile ile. Misheni ilikubali kwamba kuanzia hapo watoro wapya hawatapokewa. Mlango ulifungwa siku ile ile uliposhangiliwa. Aliyetoroka Takaungu mwezi mmoja baadaye hakuwa na haki ya karatasi, na kwenye pwani ya Kenya utumwa haukufutwa kisheria hadi mwaka 1907. Aidha, fidia ililipwa kwa mabwana. Waliofanya kazi bila ujira miaka yote hawakulipwa kitu.

Reli, kaya na makumbusho

Jengo la Kanisa la Mtakatifu Paulo tunaloliona leo ni tunda la mwishoni mwa karne ya 19, wakati mkutano huo mpya ulipokuwa umezidi uwezo wa nyumba ya ibada ya awali. Lakini umuhimu wa Rabai katika mipango ya wamisionari ulikuwa unakaribia kupungua. Mwaka 1896 ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa, ukapita Mazeras, na baada ya miaka michache mmisionari aliyetaka kwenda bara hakuhitaji tena wapagazi wa Rabai. Fedha na watumishi vilielekezwa Ukambani, Taita na kwa Wakikuyu. Rabai ikabaki parokia ya kijijini, yenye shule, makaburi na kumbukumbu.

Kiswahili cha Rabai na Mombasa nacho kilipata mshindani. Krapf na waliomfuata katika CMS walikuwa wamejenga maandishi yao juu ya Kimvita, huku wamisionari wa UMCA, chini ya Askofu Edward Steere, wakitumia Kiunguja. Usanifishaji wa Kiswahili ulipofanywa mwishoni mwa miaka ya 1920, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa. Wazee wa Mombasa hawajaacha kulalamika.

Mwaka 1994, ilipotimia miaka 150 tangu Krapf kufika Mombasa, makumbusho ya Rabai yalifunguliwa katika uwanja wa misheni chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Mgeni huonyeshwa pia nyumba zinazohusishwa na Krapf na Rebmann, na huweza kuingia katika kanisa lenyewe, ambalo bado linatumika kwa ibada.

Umbali mfupi kutoka hapo ipo misitu ya kaya za Rabai, ile ile ambayo Krapf aliitaja kwa dharau katika shajara zake. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda, maeneo 10 yaliyotawanyika katika pwani ya Kenya, katika orodha ya urithi wa dunia, na kaya za Rabai zimo. Kwa hiyo mahali ambapo wamisionari walikusudia kuziondoa kaya, leo kaya ndizo zenye hadhi ya kimataifa, na kanisa ni jirani yao. Katika familia za Rabai si ajabu kumkuta mzee wa kanisa mwenye ndugu katika baraza la kaya, na katika mazishi wote wawili hupewa nafasi ya kusema.

Wajukuu na vitukuu wa watoro nao wapo, Rabai na hata Freretown. Wengine wanajua babu yao alitoka Nyasa au Umakua; wengine wameoleana na Warabai kiasi kwamba asili imebaki katika jina la ukoo tu. Suala la ardhi limewasumbua kwa muda mrefu, kwa kuwa babu zao walipewa mahali pa kukaa na misheni, na misheni yenyewe ilikuwa imekaribishwa na wazee wa Rabai. Nani alimpa nani nini, na kwa masharti gani, ni swali ambalo hati za uhuru za 1889 hazikulijibu.

William Jones alifanya kazi ya kanisa hadi miaka yake ya mwisho, na alifariki mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lake halijulikani sana nje ya wasomi wa historia. Mwenzake wa zamani zaidi, yule kijana aliyemshika mkono Rebmann kipofu hadi Ulaya, amekuwa na bahati kubwa kidogo: shule ya msingi iliyoko Rabai inaitwa Isaac Nyondo, na kila asubuhi watoto wa kijiji huvaa sare yenye jina hilo.